UZI: Maneno yanayovuruga mijadala kati ya Wakristo na wasioamini

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nyuzi za kuwepo kwa Mungu hazikauki humu, na nyingi zinaishia pale pale: ukurasa wa tatu hoja zimekwisha, watu wanaitana wajinga. Mimi ni Mkristo, Mlutheri. Nimefuatilia mijadala hii muda mrefu, ya kwetu na ya Uingereza na Marekani, na kuna jambo linaniuma kila nikiliona. Mtu anaingia na neno likiwa na maana hii, akibanwa analigeuza likawa na maana ile, kisha anatangaza ushindi na mashabiki wanashangilia. Wahubiri wetu wanafanya hivyo, wasioamini wanafanya hivyo. Kwangu huo ni uongo, na anayesema anamtetea Mungu wa kweli ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuuogopa.

Nitapita kwenye maneno machache yanayotusumbua, halafu uwanja ni wenu.

HUYU ASIYEAMINI TUMWITEJE?

Kwa lugha ya kanisani ni "mkana Mungu". Hebu kiangalieni kitenzi hicho. Petro alimkana Yesu uani kwa kuhani mkuu, na uchungu wote wa kisa kile ni kwamba alikuwa anamjua. Kwa hiyo ukimwita mtu mkana Mungu umeshamhukumu kabla hajafungua mdomo: anajua Mungu yupo, ila anakataa kusema. Pengine ndivyo unavyoamini, na Paulo katika Warumi sura ya 1 ana maneno yanayoelekea huko. Lakini hilo ni dai, litetewe kama madai mengine, lisipenyezwe ndani ya jina. "Mpagani" nalo halisaidii. Mtaani anaitwa hivyo yeyote asiye na kanisa wala msikiti, hata mzee anayetambikia mizimu ya ukoo wake kila mwaka, ambaye ulimwengu wake umejaa roho kuliko wangu.

Na tukumbuke kwamba jina hili liliwahi kuwa letu. Katika karne ya 2 Wakristo walishitakiwa katika dola ya Rumi kuwa ni watu wasio na Mungu, kwa sababu walikataa kutoa sadaka kwa miungu ya dola. Justino Mfiadini, mwandishi Mkristo wa karne hiyo, katika utetezi aliomwandikia Kaisari Antonino Pio, hakuruka shitaka hilo. Alikiri kwamba kwa habari ya miungu ya namna ile, kweli sisi hatuna Mungu. Lakini siyo kwa habari ya Mungu aliye wa kweli kabisa. Polikarpo, askofu mzee wa Smirna, alipofikishwa uwanjani aliamriwa aseme "Waondoke wasio na Mungu", yaani awalaani Wakristo wenzake. Akaugeukia umati wa wapagani waliokuja kumtazama akifa, akawanyoshea mkono, akasema maneno yale yale. Hao ni baba zetu. Walijua kabisa kwamba neno hili linategemea limesemwa na nani na kuhusu mungu yupi.

Wasioamini wenyewe wamevutana sana juu ya jina lao. Thomas Huxley, mwanasayansi wa Uingereza, alibuni neno "agnostiki", yaani anayesema haijulikani kama Mungu yupo au hayupo, mwaka 1869 kwa sababu majina yaliyokuwepo hayakumtosha. Mwaka 1947 Bertrand Russell, mwanafalsafa wa Uingereza, aliandika kwamba mbele ya wanafalsafa inambidi ajiite agnostiki, kwa kuwa hana hoja ya kuhitimisha kwamba Mungu hayupo, lakini mbele ya mtu wa kawaida ni haki ajiite asiyeamini Mungu, kwa sababu hata miungu ya Wagiriki wa kale hawezi kuthibitisha kwamba haipo na bado haitilii maanani. Kisha mwaka 1972 Antony Flew, mwanafalsafa wa Uingereza, akapendekeza neno lisomwe kwa namna nyingine: si mtu anayedai Mungu hayupo, bali mtu ambaye hana imani kwamba yupo. Mzigo wote wa kuthibitisha ukahamia kwa muumini.

Mimi sina ugomvi na pendekezo la Flew. Mtu ana haki ya kueleza msimamo wake mwenyewe. Ugomvi wangu ni na yule anayeandika asubuhi kwamba Mungu ni hadithi iliyotungwa na wafugaji wa jangwani, kisha jioni akiulizwa hoja yake anajibu, "Mimi sidai chochote, nimekosa imani tu." Asubuhi alidai. Aliyedai athibitishe.

USHAHIDI

Hapa ndipo pazito kuliko pote, kwa maoni yangu.

Asiyeamini anasema, "Hakuna ushahidi wowote." Mkristo anasema, "Ushahidi upo tele, mimi mwenyewe Mungu ameniponya." Wote wawili wametumia neno moja na hawajakutana popote. Wa kwanza anawaza maabara: kitu unachoweza kukipima leo, na mwingine akakipima kesho akapata jibu lile lile. Wa pili anawaza shahidi aliyesimama akasema aliyoyaona.

Sisi Watanzania tunayo Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, na ningependa kila anayejadili dini aelewe misingi yake, maana ina adabu ambayo mijadala yetu imeikosa. Kwanza, anayedai jambo ndiye anayelithibitisha. Pili, maneno ya shahidi ni ushahidi. Hakimu anaweza kuyapima akayaona mepesi, lakini hawezi kusema hayapo. Asiyeamini anayesema "hakuna ushahidi wowote" mbele ya nyaraka nne za Injili na barua za Paulo hasemi sahihi. Aseme, "Upo, na haujaniridhisha, kwa sababu hizi." Hiyo ni kauli ya heshima na ina kazi ndani yake, kwa sababu sasa itambidi azitaje sababu.

Tatu, na hili linatuhusu sisi: ushahidi wa mdomo sharti utoke kwa aliyeona au kusikia mwenyewe. Ukisimama kanisani ukasema kuna mtu mkoa fulani alifufuliwa, nawe umeambiwa na shemeji aliyeambiwa na mchungaji, mahakama yoyote itakukalisha chini. Tunawanyima wenzetu haki tunapowarushia simulizi za namna hiyo kisha tunawaita wagumu wa moyo.

Nne, kuna viwango. Kesi ya jinai inataka uthibitisho usioacha shaka ya maana. Kesi ya madai inatazama upande upi una uzito zaidi. Watu wanabishana mwezi mzima juu ya ufufuo wa Yesu, mmoja akitumia kiwango cha jinai na mwenzake cha madai, na hakuna aliyesema kiwango chake kwa sauti.

IMANI

Mwaka 2013 mwalimu wa falsafa wa Marekani, Peter Boghossian, aliwafundisha wasioamini kuieleza imani kuwa ni kujifanya unajua usichokijua. Ukikubali maana hiyo, mjadala umekwisha kabla ya kuanza, maana nani atatetea kujifanya? Lakini hakuna Mkristo anayekiri imani akimaanisha hivyo. Huwezi kumwandikia mwenzako maana ya neno lake kisha ukamshinda kwa maana uliyomwandikia.

Sasa na sisi. Tukiwa na nguvu tunasoma Waebrania 11:1, "Basi imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana." Hakika na bayana, maneno mazito ya mtu aliyesimama imara. Tukibanwa tunasema, "Haya ni mambo ya imani, huwezi kuyahoji kwa akili." Na tukiona bado tunazidiwa tunamgeuzia kibao: "Hata wewe una imani, unaamini ndege itafika salama." Hapo zimepita maana tatu. Ya kwanza ni hakika, ya pili ni kukubali bila kuuliza, ya tatu ni matarajio ya kawaida yanayotokana na uzoefu. Anayepanda ndege anajua kwamba ndege hukaguliwa na kwamba nyingi hufika. Ukisema imani yako kwa Kristo ni ya aina hiyo, basi kubali iulizwe maswali ya aina hiyo.

Neno la Kigiriki tunalolitafsiri imani, kwa matumizi ya Agano Jipya, linabeba sana tegemeo na uaminifu: kumtegemea mtu kwa sababu unamjua ni nani. Ibrahimu hakuombwa akubali sentensi, aliombwa aondoke Harani. Nashika maana hii na sitaihama. Na inaniwajibisha nieleze kwa nini ninayemtegemea anastahili kutegemewa. Petro anataka hivyo hivyo katika waraka wake wa kwanza 3:15: tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu, "lakini kwa upole na kwa hofu". Hakusema tuwaambie wasiulize.

NADHARIA NA DINI

Haya mawili kwa kifupi.

Mwaka 2002 bodi ya shule ya kaunti ya Cobb, Georgia, Marekani, ilibandika vijikaratasi kwenye vitabu vya baiolojia vikisema kwamba mageuko ya viumbe ni nadharia, si jambo lililothibitika. Wazazi wakaenda mahakamani, na Januari 2005 jaji akaamuru vibanduliwe. Kesi iliendelea kwenye rufaa na ikamalizwa kwa makubaliano mwishoni mwa 2006, bodi ikikubali kutovirudisha. Ugomvi wote uko kwenye neno moja. Mtaani nadharia ni wazo ambalo halijajaribiwa, ndiyo maana tunasema "nadharia na vitendo". Kwa mwanasayansi ni maelezo yaliyoshikanisha mambo mengi na kustahimili majaribio. Mkristo mwenye hoja dhidi ya mageuko azilete hoja zenyewe. Kusema "ni nadharia tu" si hoja, na vijana wetu wanaosoma sayansi chuoni wanapolisikia kutoka madhabahuni wanaondoka na wasiwasi juu ya mengine yote tunayowaambia.

Dini: tunapenda kusema "Ukristo si dini, ni uhusiano", na dakika tano baadaye "kutoamini nako ni dini". Wengine wanaleta hukumu ya mahakama ya rufaa ya Marekani ya mwaka 2005, katika kesi ya mfungwa wa Wisconsin, kwamba mahakama imetamka hivyo. Mahakama ile ilisema kutoamini kuhesabiwe kama dini kwa ajili ya ulinzi wa Katiba yao, ili mfungwa yule asinyimwe haki wanazopewa wafungwa wenye dini. Kuitoa hukumu hiyo mahali pake na kuifanya ushindi wa kiteolojia si haki. Na Yakobo 1:27 inazungumzia "dini iliyo safi", ya kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Mtume hakulionea haya neno hilo.

Mjadala uliofanyika vizuri upo, na ni wa zamani. Mwaka 1948 redio ya BBC iliwakutanisha Russell na padre Mjesuiti Frederick Copleston. Kabla ya lolote Copleston alieleza anachokiita Mungu: nafsi kuu kupita zote, iliyo tofauti na ulimwengu, na iliyouumba. Akamuuliza mwenzake kama anakubali maana hiyo. Russell akakubali. Akamuuliza tena kama msimamo wake ni kwamba Mungu hayupo au kwamba haiwezi kujulikana, naye akajibu wazi kuwa ni agnostiki. Walipofika kwenye neno "lazima", kwamba Mungu ni yule ambaye hawezi kutokuwepo, Russell alisema kwake neno hilo lina maana likihusu kauli tu, si vitu. Wakakwama hapo. Lakini walikwama wakijua wamekwamia wapi. Copleston alimwambia kwamba asiyekubali hata kuketi kwenye ubao wa sataranji hawezi kufungwa, na bado hakumwita mjinga.

Naomba kuwasilisha.

#2 Mchangiaji

Mkuu, umeandika vizuri lakini umetusawazisha isivyo haki. Sisi hatubadilishi maneno, ninyi mna kitabu kizima kilichojengwa juu ya neno lililobadilishwa. Isaya 7:14, ule mstari wa atakayechukua mimba na kuzaa mwana, kwa Kiebrania ni "mwanamke kijana". Mathayo akasoma tafsiri ya Kigiriki inayosema "bikira", akatengeneza muujiza. Hili nalo utasema ni maana mbili?

#3 Mleta uzi

Mkuu, swali lako ni la kweli na lina umri mkubwa. Justino niliyemtaja hapo juu anaonekana akibishana nalo na Myahudi aitwaye Trifo katika maandishi ya karne ya 2. Kwa hiyo tusijifanye limegunduliwa juzi.

Nakubali mambo mawili. Neno la Kiebrania pale ni "alma", na maana yake ya moja kwa moja ni msichana aliyefikia umri wa kuolewa. Na ishara ile alipewa mfalme Ahazi wa Yuda akiwa ametishwa na wafalme wa Shamu na Israeli, kwa hiyo ilikuwa na maana kwa siku zake. Tafsiri ya Kiingereza ya RSV ilipotoka kamili mwaka 1952 ikiwa imeandika "mwanamke kijana" kwenye mstari huo, kuna mchungaji wa North Carolina aliuchoma moto ukurasa wake hadharani. Mwaka huo huo Biblia yetu ya Union Version ilitoka na "bikira". Kuchoma moto hakujajibu kitu.

Lakini hoja yako ina hatua moja imerukwa. Waliotafsiri Isaya kwa Kigiriki walikuwa Wayahudi, kabla ya Kristo kuzaliwa. Kama kuna neno lilibadilishwa, halikubadilishwa na Mkristo. Na wale wanaosema Isaya angetaka bikira angetumia "bethula" waisome Yoeli 1:8, ambapo bethula anamlilia mume wa ujana wake. Maneno haya mawili hayakuwa na mipaka mikali tunayoyapa sisi.

La muhimu zaidi: Luka anaeleza kuzaliwa kwa Yesu bila kuunukuu mstari huo wa Isaya. Mariamu anauliza, "Litakuwaje neno hili, maana sijui mume?" Ukiliondoa neno "bikira" kwenye Isaya, bado unabaki na dai la Luka, na inabidi ulijibu hilo. Vilevile Mkristo akishinda ubishi wa "alma" bado hajathibitisha muujiza wowote. Ubishi wa kamusi unatupa usomaji bora wa Isaya, na hiyo ni faida kubwa. Hautupi jibu la kilichotokea Nazareti.

#4 Mchangiaji mwingine

Mtumishi, mbona unawabembeleza? Neno liko wazi, Zaburi 14:1, "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu." Mimi nikikutana na mtu wa hivyo nampa andiko hilo basi. Biblia haihitaji msaada wa kamusi.

#5 Mleta uzi

Ndugu yangu, tuusome wote basi, usiishie kwenye nukta. Mstari unaendelea kusema wameharibu matendo yao na kuyafanya kuwa chukizo. Mstari wa 4 unasema wanawala watu wa Mungu kama walavyo mkate. Mpumbavu wa zaburi hii ni mdhulumaji, anayeishi kama hakuna atakayemuuliza. Neno la Kiebrania ni "nabali", jina lile lile la tajiri wa 1 Samweli 25 aliyekula kazi ya ulinzi ya vijana wa Daudi kisha akawanyima chakula. Nabali hakuwa mwanafalsafa wala hakukana kuwepo kwa Mungu mahali popote. Alikuwa bahili mkatili.

Tena zaburi inasema "moyoni". Haimzungumzii anayesema kwa mdomo, hadharani, na kuuliza maswali. Kuna mhasibu wa kanisa anayekula sadaka na kuimba kwaya Jumapili; zaburi hii inamgusa yeye kabla ya kumgusa mwanafunzi wa chuo aliyesema hajaridhika na hoja zetu.

Ukimtupia andiko hilo mtu mwenye shaka, umetumia neno la dhambi ya dhuluma kumtukania akili. Na Bwana wetu ana onyo kali Mathayo 5:22 kwa anayemwita ndugu yake mpumbavu.

#6 Mchangiaji

Wakuu, na huyo Antony Flew si ndiye aliyekuja kumkubali Yesu uzeeni? Mbona mleta uzi umelificha hilo?

#7 Mleta uzi

Sijalificha, na limesemwa vibaya sana makanisani, kwa hiyo ni vizuri umeuliza. Mwaka 2004 Flew alitangaza kwamba sasa anakubali kuna Mungu. Kwa maelezo yake mwenyewe ni Mungu wa namna ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale: akili iliyo chanzo cha ulimwengu, isiyojishughulisha na maisha ya watu. Hakumkubali Yesu kuwa Bwana, na hakuamini maisha baada ya kifo. Alifariki 2010. Mhubiri anayesema "hata Flew aliamini" ametumia "kuamini" kwa maana ya kukubali kwamba kuna chanzo, akijua wasikilizaji watasikia ameokoka. Wasioamini nao walikimbilia kusema ni uzee tu umemchanganya, badala ya kujibu hoja alizozitaja, hasa juu ya namna uhai ulivyoanza. Mzee wa watu akageuzwa kombe la kugombaniwa.

#8 Mchangiaji (wa #2)

Sawa mkuu. Jibu lako la Isaya sijaridhika nalo lote, lakini nimekuelewa. Kauli yangu ya "hakuna ushahidi wowote" naiacha. Sasa tujadili ufufuo kwa utaratibu huo unaoutaka. Weka maana zako tuone.

#9 Mleta uzi

Nakushukuru. Naziweka hapa ili zisihame.

"Kufufuka": Yesu alikufa kweli, akazikwa, na mwili ule uliozikwa haukubaki kaburini, akaonekana hai. Najua utaleta 1 Wakorintho 15:44, "hupandwa mwili wa asili, hufufuliwa mwili wa roho", na kuuliza kama Paulo alimaanisha mwili kweli. Ni swali halali, nitalijibu kutoka sura hiyo hiyo, na sitakimbilia kusema alifufuka mioyoni mwa wanafunzi.

"Ushahidi": maandishi na maneno ya mashahidi, yakipimwa kwa ukaribu wao na tukio na kwa kutofautiana kwao. Ninaanza na 1 Wakorintho 15:3-8, kwa kuwa barua hiyo iliandikwa miaka ya 50 na mwandishi anasema yeye mwenyewe aliipokea habari hiyo. Katika orodha ile Paulo ni shahidi wa moja kwa moja wa mstari wa 8 tu. Mengine ameyapokea, na nakubali yapimwe hivyo.

Kiwango: upande wenye uzito zaidi, siyo kuondoa kila shaka. Ukitaka kiwango cha juu zaidi kwa sababu ni muujiza, sema ni kipi na kwa nini, kabla hatujaanza.

"Muujiza": tendo la Mungu ambalo maumbile yasingelizaa yenyewe. Kama kwako ni "jambo lisilowezekana", tuanzie hapo hapo, maana kwa maana hiyo hakuna ushahidi wa aina yoyote utakaokutosha, na itakuwa vizuri watu wote walijue hilo tangu mwanzo.

Leta zako, kisha uanze wewe.